Kwa Nini Saa ya Ngurema Huondolewa Usiku

Kulikuwa na wakati ambapo nchi ya Ngurema haikuwa na saa moja. Kila bonde lilikuwa na yake. Watu wa tambarare, ambako jua huchomoza bila kuzuiwa na kitu, walianza kuhesabu siku mapema. Watu wa Vumeta, waliokaa nyuma ya mlima, walisubiri mpaka jua livuke kilele na kuligusa jiwe lililo mbele ya nyumba ya mzee wao, na hapo ndipo walipopiga ngoma yao na kusema sasa ni saa moja. Tambarare wakati huo walikuwa karibu kuingia saa mbili, tena walikwisha kunywa uji na kuosha vibuyu.

Hakuna aliyeona tatizo. Mtu wa tambarare akialikwa harusi Vumeta alifika mapema mno, akakaa kwenye kigogo akiwatazama wenyeji wakifagia. Mtu wa Vumeta akialikwa tambarare alikuta nyama imebaki mifupa. Walicheka, wakazoea.

Asiyezoea alikuwa Mtemi Kibacha. Kila mwaka aliita baraza la mabonde yote pale Kisangwe, mji wake ulioko tambarare, na kila mwaka wajumbe walifika mmoja mmoja kama matone ya mvua iliyokwisha. Kila mmoja aliapa kwamba amefika saa tatu kamili kama alivyoambiwa, na kwa saa ya bondeni kwake alikuwa mkweli. Mwaka mmoja Mtemi alichoka kurudia maneno yale yale kwa kila anayeingia, akaamuru nchi nzima ifuate ngoma ya Kisangwe.

Kazi hiyo alipewa Mbazi, mpiga ngoma wa Mtemi. Mbazi hakutegemea jua. Alikuwa na chungu chenye tundu dogo chini, na maji yalidondoka kutoka humo hadi kwenye chungu kingine. Chungu kilipokwisha, saa ilikuwa imekwisha, naye alipiga ngoma kwa hesabu ya saa iliyoingia: moja kwa saa moja, mbili kwa saa mbili, mpaka kumi na mbili. Usiku hakupiga kabisa, lakini vyungu viliendelea kudondoka, yeye au mkewe akivijaza, ili asubuhi ianze mahali pake. Kwenye vilima vitatu kati ya Kisangwe na Vumeta waliwekwa wapokezi, kila mmoja na ngoma yake. Wa kwanza alisikia, akapiga. Wa pili alimsikia wa kwanza, akapiga. Hivyo saa ilipanda mlima, ikateremka upande wa pili, ikafika Vumeta ikiwa imechelewa kwa muda wa kumenya ndizi moja tu.

Watu wa Vumeta walinung'unika kuamka kukiwa bado na kiza cha mlima, kisha wakanyamaza, maana kazi zilikuwa nyingi na manung'uniko hayapaliliwi wala hayavunwi.

Mwanamke mmoja wa Vumeta aliitwa Nakiete. Alikuwa na watoto watano, mdogo akiwa bado ananyonya. Mumewe alikuwa mbali kwenye matanuri ya chuma, kazi iliyomchukua tangu kupanda hadi kuvuna, kwa hiyo shamba lilikuwa la Nakiete peke yake, yeye na mama mkwe wake ambaye magoti yalimruhusu kukaa na watoto lakini hayakumruhusu kuinama. Nakiete alikuwa amepanda maharage matuta ishirini. Hayo ndiyo yangekuwa chakula chao wakati wa kiangazi. Hapakuwa na kingine cha kutegemea.

Maharage ya Vumeta hayategemei mvua. Juu ya kijiji kuna bwawa dogo la mawe na udongo, wenyewe wanaliita ndiva. Usiku mlango wake hufungwa kwa kizibo cha mti kilichofungwa magome ya mgomba, na maji ya mto hujaa humo mpaka alfajiri. Ngoma ya kwanza ikilia, kizibo huchomolewa, na maji huteremka kwa mfereji mmoja hadi mashambani. Kila nyumba ina zamu yake, na kila zamu ni saa moja, kutoka ngoma hadi ngoma. Zamu ya Nakiete ilikuwa saa nne, na ilimfikia mara moja kila baada ya siku tisa.

Sheria ya zamu ilikuwa ngumu, tena kwa sababu. Zamani watu walipeana maji kwa huruma, kisha wakasahau nani alimpa nani, na mwisho ndugu wawili walipigana majembe mferejini na mmoja hakuamka. Tangu hapo ilikatazwa mtu kugawa zamu yake, hata kwa mama yake mzazi. Aliyesimamia hayo alikuwa Mzee Senzige, mtu mpole aliyekaa penye kizibo kutwa nzima na hakuwahi kumpendelea mtu, hata mke wake mwenyewe, ambaye alimsema kwa hilo kila jioni.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Mtemi Kibacha alipotembea asubuhi moja kwenye mashamba ya Kisangwe. Ilikuwa majira ya palizi. Jua lilikuwa limekwisha panda, umande umekauka, na hapakuwa na mtu shambani. Watu walikuwa wamekaa vizingitini na majembe yao, wanasubiri ngoma ya kwanza, kwa sababu ilikuwa mwiko jembe kuingia shambani kabla ya ngoma. Mwiko huo uliwekwa kuzuia watu kusogeza mipaka wenzao wakiwa wamelala.

Mtemi aliona mwanga unapotea bure. Angeweza kuwaambia watu waamke mapema, lakini kila mwenye watoto anajua kazi hiyo ilivyo. Ukitaka watu waamke mapema bila ugomvi, usiwaguse wao. Sogeza ngoma. Akaamuru kwamba kuanzia palizi hadi mavuno ngoma itangulie kwa saa moja, na mavuno yakiisha irudi ilipokuwa.

Mbazi aliuliza swali la mtu wa kazi. "Ili itangulie, Mtemi, lazima kuna saa moja nitakayoiruka. Niruke ipi?"

Mtemi alikuwa anakula. Alifikiri siku yake ilivyo: asubuhi ana uji, saa tatu anasikiliza mashauri, saa tano anakagua ng'ombe, mchana anakula. "Ruka saa nne," alisema. "Saa nne hakuna kinachofanyika."

Mjumbe alitumwa mabondeni kutangaza kwamba kesho ngoma itasogea mbele. Hakusema ni saa gani itakayorukwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba jambo hilo linamhusu mtu.

Kesho yake ilikuwa siku ya tisa ya Nakiete. Maharage yalikuwa yametoa maua, na huo ndio wakati yanapotaka maji kuliko wakati wowote. Yakiyakosa, maua hudondoka na unabaki na majani ya kulisha mbuzi. Ngoma ya saa tatu iliposikika alimfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe, akaenda kukaa penye kizibo. Alikwisha chimbua vijifereji vyote ishirini tangu jana yake. Alikaa akimnyonyesha mtoto na kutazama maji yakiteremka kwa mwenye saa tatu.

Ngoma ikalia. Nakiete alisimama. Aliposikia ya nne alishika jembe, na hapo hapo akasikia ya tano.

Jirani yake Makange, mwenye zamu ya saa tano, alikuja mbio kutoka kwake, jembe begani, shati hajalifunga. "Ngoma tano, mama," alisema, akihema.

"Nimezihesabu. Nne ziko wapi?"

Makange alimtazama Mzee Senzige. Mzee Senzige alitazama mlima, kana kwamba ngoma nne zingetokea huko zikiwa zimechelewa njiani. Hazikutokea. Aliyafungulia maji yaende kwa Makange, kisha akasema taratibu, "Mama, ngoma iliyolia ni ya Makange. Mimi nafungua kwa ngoma. Siku nitakapofungua kwa huruma tutarudi kule kwenye kuzikana."

"Baba, nimesubiri siku tisa."

"Najua. Nilikuona ukichimbua."

Makange hakuwa mtu mbaya. Alisimama pale anajikuna shingo, maji yanaenda shambani kwake bila yeye kuyafuata. "Ningekupa nusu, Mungu anajua," alisema. "Lakini wakinitoza mbuzi sina hata kuku."

"Nenda kafuate maji yako," Nakiete alimwambia. "Yanamwagika njiani, yakikupotea nitalia mara mbili."

Siku hiyo yeye na watoto wake wakubwa watatu walibeba maji mtoni kwa vibuyu. Mpaka jua linazama walikuwa wamenywesha tuta moja na nusu, na mtoto wa pili alikuwa amekata kidole cha mguu kwenye jiwe. Nakiete alisimama mwisho wa shamba, akatazama matuta kumi na manane na nusu yaliyobaki. Siku tisa nyingine yasingefika. Hilo halikuhitaji mganga kulitabiri. Aling'oa shina moja la maharage lenye maua yaliyoanza kusinyaa, akalifunga kwenye jani la mgomba, akaliweka karibu na mlango.

"Unakwenda wapi na hilo?" mama mkwe wake aliuliza.

"Kisangwe. Mtu aliyetoa saa yangu anajua alipoiweka."

"Utamuuliza Mtemi?"

"Nitamuuliza yeyote atakayekuwa ameamka."

Aliondoka alfajiri, mtoto mgongoni. Njia ilipanda mlima na kuushuka, ikapita kwenye vilima vitatu vya wapokezi, na alifika Kisangwe mchana, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakuenda moja kwa moja kwa Mtemi. Alitafuta kwanza banda la ngoma, akamkuta Mbazi anajaza chungu.

Mbazi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwenye subira, kama lazima awe mtu anayetazama matone siku nzima. "Pole sana, dada," alisema. "Lakini usifikiri saa yako imetupwa. Mavuno yakiisha nitapiga saa nne mara mbili, na hiyo ya pili itakuwa ile iliyorukwa. Kila kitu kitarudi mahali pake."

"Baada ya mavuno?"

"Ndiyo."

"Baada ya mavuno, kaka, maharage yanakuwa yameanikwa uani. Wakati huo nataka jua. Ukiniletea maji siku hiyo utaniozeshea hata kile kidogo nitakachokuwa nacho."

Mbazi aliacha kujaza chungu. Hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani saa ni saa, kama chungu kimoja kilivyo sawa na kingine. Alimwita mkewe ashike zamu ya vyungu, akampeleka Nakiete barazani yeye mwenyewe.

Siku hiyo wazee wa mabonde walikuwa Kisangwe kwa mashauri yao. Nakiete aliwekewa kigoda, akakataa, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala na akikaa angeamka. Alifungua jani la mgomba mbele ya Mtemi na kumwonyesha lile shina. Maua yalikuwa yamedondoka yote njiani. Alieleza habari ya ndiva, zamu na ngoma tano, kwa maneno machache, akamaliza hivi: "Mtemi wetu, sikuja kulaumu. Nimekuja kuomba saa yangu."

Mtemi Kibacha alilishika shina lile, akaligeuzageuza. Alikuwa mtu mwenye pupa ya kupanga mambo, lakini hakuwa na roho mbaya, na hakuwahi kufikiri kwamba saa aliyoitaja huku anatafuna ilikuwa na mwenyewe. "Kumbe saa nne kuna kinachofanyika," alisema.

"Hata hapa kwako, Mtemi," alisema mpishi wake kutoka mlangoni. "Saa nne ndipo nakaa chini. Jana sikukaa."

Watu walicheka, na Mtemi naye. Kisha akasema jambo hilo ni rahisi. Atairudisha saa nne, na ataruka nyingine. Aliwauliza wazee wamtajie saa isiyo na kazi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mmoja alitaja saa moja. Mzee wa bonde la wafugaji alikataa, akisema hiyo ni saa ya kukamua, na ng'ombe asiyekamuliwa haelewi habari za amri. Mwingine alitaja saa sita, jua la utosi. Wafinyanzi wakasema hiyo ndiyo saa ya kukausha vyungu, na bila vyungu hakuna hata hiyo ngoma. Saa nane ilikuwa ya watu wa mfereji wa chini. Saa kumi ilikuwa ya kutafuta kuni. Mtu alitaja saa kumi na moja, akazomewa na wake wa wazee waliokuwa nje ya baraza, kwa kuwa hiyo ni saa ya kupika na kila mtu alitaka kula. Kila saa iliyotajwa ilikuwa na mtu wake, na kila aliyeitetea alisema kwa uchungu, kana kwamba tayari imechukuliwa. Walizipitia saa zote za mchana, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, wakarudi pale pale penye saa nne.

Mtemi alifuta uso. "Basi labda niiache ngoma ilivyokuwa, na mwanga uendelee kupotea."

Wazee wa tambarare hawakupenda hilo, kwa kuwa siku mbili zile walikuwa wamepalilia sana. Nakiete alikuwa amesimama akijitikisa taratibu ili mtoto asiamke. Alimgeukia Mbazi.

"Kaka, usiku unajaza vyungu vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Na unapiga ngoma mara ngapi?"

"Usiku? Sipigi kabisa."

"Basi mwaga kimoja. Jaza kumi na kimoja, halafu piga saa moja."

Mzee mmoja alisema usiku nao una watu wake. Kuna walinzi, kuna wagonjwa, kuna wanawake wanaojifungua.

"Mtoto haji kwa ngoma, baba," Nakiete alimjibu. "Na mgonjwa atafurahi pakicha mapema. Usiku maji yamefungwa, ng'ombe wako zizini, jembe liko ukutani. Mimi nimeamkia watoto watano usiku. Ninazijua saa zile moja moja. Ikiondoka hata mbili, sitakuja hapa kudai."

Wake wa wazee walicheka nje, kicheko cha watu wanaojua kinachozungumzwa.

Mzee wa wafugaji alikuwa bado na swali. "Na ndiva yenu? Mlango ukifunguliwa saa moja kabla, haitakuwa imejaa."

Nakiete alikuwa amekwisha kulifikiria hilo njiani, kwenye mteremko. "Itapungua kidogo, baba, siku hiyo moja. Lakini itampungukia kila mwenye zamu, kila mmoja kidogo kidogo. Kikombe kikitoka kwenye sufuria ya wote, tutakula. Kikitoka sahani ya mtu mmoja, amelala njaa."

Mtemi aliamua hapo hapo. Kesho saa nne itapigwa mara mbili, na ile ya pili itakuwa ya Nakiete wa Vumeta na ya wengine wote waliorukwa siku ile. Usiku utakaofuata Mbazi atamwaga chungu kimoja, na ngoma itatangulia kama ilivyokusudiwa. Nakiete alishukuru, akanyonyesha, akala bakuli la mtama alilopewa na mpishi, akaanza safari ya kurudi papo hapo. Sheria ya Vumeta ilitaka mwenye zamu awepo penye kizibo kwa miguu yake mwenyewe.

Alikuwa ameanza kupanda alipokumbuka wapokezi. Kwa muda wote waliofanya kazi ile walikuwa hawajawahi kusikia nne ikifuata nne. Mtu makini angedhani Mbazi amekosea, na angemsahihisha. Angepiga tano. Na tano zikishavuka mlima, Mzee Senzige atafungua kwa tano.

Mpokezi wa kilima cha kwanza alimwelewa upesi. Wa pili alimwelewa baada ya kuelezwa mara mbili. Wa tatu, aliyekaa juu kabisa na ambaye ngoma yake ndiyo iliyosikika Vumeta, alikuwa Mzee Lukio, na huyo alijulikana nchi nzima kwamba hajawahi kukosea hesabu.

"Nimeshika fimbo hii kabla hujazaliwa," alimwambia. "Nne ikifuata nne, huyo Mbazi amelewa."

"Kesho atalewa kwa amri ya Mtemi, babu. Nawe lewa naye."

"Nitapiga nini, nne au tano?"

"Nne. Mara mbili."

"Watu wataniona mzee nimechanganyikiwa."

"Wataniona mimi nimevuna, babu."

Mzee Lukio hakusema ndiyo wala hapana. Aligeuka kuchochea moto wake. Nakiete hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alikuwa na watoto wanne nyumbani na jua lilikuwa limeinama. Aliteremka mlima bila kujua mzee atapiga ngapi.

Asubuhi habari ilikuwa imeenea Vumeta yote. Ngoma nne zilipolia kwa mara ya kwanza, maji yalikwenda kwa mwenye zamu ya siku ile, mwanamke mjane wa juu, naye alinywesha kwa haraka huku akitazama nyuma. Nakiete alikuwa penye kizibo. Makange alikuja pia, ingawa haikuwa siku yake. Mama mkwe alibebwa na wajukuu hadi kwenye jiwe la karibu. Mwenye saa tano ya siku ile naye alikuwepo na jembe lake, na hakuna aliyemlaumu. Akisikia tano, maji yalikuwa yake.

Mtoto mgongoni kwa Nakiete alikuwa anacheza na shanga za shingo yake, akizivuta, naye alimwacha.

Ngoma ya Mzee Lukio ikalia. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kijiji kizima kilisubiri. Upepo ulipita kwenye migomba, mbuzi akalia mahali fulani chini, na Mzee Senzige alikuwa ameinua mkono hajaushusha. Walisubiri ya tano mpaka ikawa wazi kwamba mzee kule juu ameweka fimbo yake chini.

"Ngoma nne," alisema Mzee Senzige. "Mwenye saa nne yuko wapi?"

"Niko hapa, baba," alisema Nakiete, akayaelekeza maji.

Alinywesha matuta kumi na manane na nusu. Lile moja na nusu aliliacha kwa sababu lilikuwa na unyevu bado, na Nakiete hakuwa mtu wa kumwagia maji kitu kilicholowa kwa ajili ya kufurahi tu. Maua mengine yalikuwa yamedondoka na hayakurudi. Yaliyobaki yalifunga, na kiangazi kile watoto watano walikula maharage, si kwa kushiba kila siku, lakini walikula.

Na tangu siku hiyo saa ya Ngurema haiondolewi mchana. Palizi ikianza, huondolewa usiku, vyungu vikiwa kumi na kimoja, na mavuno yakiisha hurudishwa usiku, vyungu vikiwa kumi na vitatu. Watu hulala kwa hesabu moja na kuamka kwa hesabu nyingine, wakapiga miayo siku mbili tatu, wakasahau. Maji ya ndiva asubuhi hiyo huwa yamepungua kidogo kwa kila mtu. Ukiuliza saa ilipita wakati gani, wengi hawatakwambia, kwa sababu hawakuiona. Anayeijua ni mama mwenye mtoto mchanga. Huyo alikuwa macho, na hajawahi kwenda Kisangwe kuidai.